Mlango wa Mzigo wa Kwanza

Hapo zamani, si zamani za majitu bali zamani za juzi tu, kulikuwa na mtaa uliojengwa juu ya mawe meusi yaliyotemwa na mlima wa moto. Watu wa mtaa huo walibeba mizigo yao kwa chukudu. Chukudu ni skuta ya mbao: magurudumu mawili ya mti, ubao mrefu katikati, na usukani uliochanuka kama pembe za ng'ombe. Mtu hupiga goti moja juu ya ubao, mguu wa pili husukuma ardhi, naye huyoo, anateremka.

Na mtaa huo ulikuwa na desturi yake. Mtoto akipata chukudu yake ya kwanza, mzigo wake wa kwanza hupelekwa kwenye mlango wa yule aliyempa. Mzigo huo haugawanywi. Anayeupokea huitwa mzazi wa pili wa mtoto, maisha yake yote. Na mama wa mtoto ndiye anayeuonyesha mlango.

Sasa sikilizeni yaliyompata Kavira, mama yake Katungu.

Katungu alikuwa na miaka sita. Kila chukudu ikipita, aliikimbilia akipiga kelele, "Mama, na mimi!"

Wa kwanza kusikia alikuwa babu yake, Mzee Muhindo. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, hata kikombe cha chai kilimshinda, lakini akachonga. Akachonga, akajikata, akachonga tena. Ikatoka chukudu ndogo, ya kimo cha Katungu hasa.

"Kavira binti yangu," akasema, "mtoto apewe kinachomtosha leo. Sema ndiyo."

Kavira akasema ndiyo.

Katungu akapanda, akateremka, akashindwa kusimama, akaishia katikati ya maharage ya jirani. Kavira akasema, ngoja kwanza.

Wa pili alikuwa mjomba Kasereka, kaka yake Kavira. Huyu alikuwa amekaa miji ya mbali miaka mingi bila kutuma hata salamu, na sasa alikuwa amerudi. Akaleta skuta ya chuma ya dukani, nyekundu, yenye breki inayoshika papo hapo.

"Baba, umemchongea mtoto mbuzi mwenye kichaa!" akacheka. "Dada, mtoto apewe kinachosimama. Sema ndiyo."

Kavira akasema ndiyo.

Katungu akapanda. Kigurudumu kikanasa kati ya mawe mawili. Skuta ikabaki, Katungu akaendelea peke yake. Mdomo ukapasuka.

"Hiyo ni ya sakafu ya hoteli," Mzee Muhindo akanung'unika.

Kavira akasema, ngoja kwanza.

Wa tatu alikuwa shangazi Masika, mjane asiye na mtoto. Akaja anaisukuma chukudu ya marehemu mumewe, ile ambayo hakuna aliyeruhusiwa hata kuiegemea. Ilikuwa kubwa mno. Katungu alipoishika, kwa upande wa pili vilionekana vidole tu.

"Atakua nayo, wifi," akasema Masika. "Mtoto apewe kitakachodumu. Sema ndiyo."

Kavira akasema, ngoja kwanza.

Siku hizo, kwa mawazo, Kavira alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Asubuhi aliitaka ya baba yake, kwa sababu ya ile mikono. Mchana aliitaka ya kaka yake, maana akikataliwa huenda akaondoka tena. Jioni alimwona wifi yake akiifuta vumbi chukudu ya marehemu, polepole, kama anamwogesha mtoto, naye akaitaka hiyo.

"Mama, umechagua?"

"Nimechagua."

"Ipi?"

"Sijui, mwanangu."

Kasereka akayaona hayo. Akachukua spana, akaifungua breki ya skuta yake mpya, akaifunga kwenye chukudu ya mzee. "Sijashindwa," akasema. "Nimechoka kelele zenu tu."

Masika naye akaliona goti la Katungu likichubuka juu ya ubao mtupu. Kwenye chukudu ya mumewe, mahali pa kuwekea goti, palikuwa pamepigiliwa ndala ya marehemu mwenyewe. Akaing'oa, akaipigilia kwenye ile ile chukudu aliyochonga mzee. Kisha akarudi kwake.

Ikafika siku ya mzigo. Kavira akamfungia mtoto kidumu cha maji pale bombani, juu ya mteremko, kisha akatangulia kushuka hadi njia panda. Kushoto ni kwa baba yake. Kulia ni chumba alichopanga kaka yake. Mbele ni kwa wifi yake. Na kwenye kila mlango mtu amesimama, ameshika sufuria tupu.

Katungu akateremka. Mara mbuzi na watoto wake wakakatiza njia. Magurudumu ya babu yakaruka mawe bila kuyumba. Breki ya mjomba ikashika. Goti likatulia juu ya ndala ya marehemu, halikuteleza. Chukudu ikasimama mbele ya pua ya mbuzi, na kidumu hakikumwaga hata tone.

"Mbao ni zangu!" akalia Mzee Muhindo. "Kavira, mimi sina miaka ya kumsubiri mjukuu mwingine."

"Bila breki, mbao zako zingekuwa kuni, Baba," akasema Kasereka. "Dada, mtaa mzima unaniita mgeni. Nipe mlango mmoja wa kuitwa mtu wa hapa."

"Breki bila ndala ingemrusha mtoto juu ya mbuzi," akasema Masika. Halafu sauti ikashuka. "Hawa wanaye wa kuwaita baba na kaka, wifi. Mimi naitwa nani?"

Katungu akafika njia panda, jasho linamtiririka.

"Mama, nipinde wapi?"

Kavira akainua mkono. Mkono ukaelekea kushoto, ukarudi. Ukaelekea kulia, ukarudi.

Na hapo ndipo ulipo mpaka sasa, wanangu, mkono umeinuliwa hewani. Kidumu ni kizito na mtoto amechoka. Haya, ninyi mliokaa kimya, msaidieni mama huyu: Katungu apinde wapi? Je, nani alistahili mzigo wa kwanza?