Kona ya Nne

Palikuwa na chuo kikuu kimoja, wala si zamani sana, maana kompyuta zilikuwepo na zilikuwa zimeshajifunza kutuhumu watu.

Chuoni hapo mitihani ilifanyiwa nyumbani. Mwanafunzi alikaa mbele ya laptopu yake, na kabla ya swali la kwanza alitakiwa kuizungusha kamera chumba kizima, kona zote nne, ili programu ya usimamizi ijiridhishe kwamba hakujificha mtu wala daftari. Kanuni ilisema chumba chako ni chako siku zote, ila siku ya mtihani ni ukumbi wa chuo. Waliotunga kanuni hiyo waliishi kwenye nyumba za vyumba vitano.

Dk. Namsifu Mgonja alifundisha takwimu, na alijihesabu kuwa mtu wa haki. Siku moja programu ilimletea majina ya waliotiliwa shaka. La juu kabisa lilikuwa la Atugonza, msichana wa mwaka wa tatu aliyekaa viti vya mbele na kuuliza maswali yenye maana. Kona tatu alizionyesha, ya nne akairuka. Kisha wakati wa mtihani aligeuza macho upande huohuo mara thelathini na nane, na mara mbili midomo yake ilicheza.

Namsifu akamwita ofisini. Akamweleza bila kuzunguka kwamba kesi inakwenda kwenye kamati ya nidhamu, na akipatikana na hatia atafukuzwa, miezi miwili tu kabla ya kuhitimu. Atugonza alisikiliza, mikono mapajani. Alisema hakuibia. Kuhusu kona, aliomba asiulizwe.

"Kulikuwa na mtu?"

"Sikuibia, Daktari."

"Sijakuuliza hilo. Nimekuuliza kuhusu kona."

"Naomba uniamini kwa hilo moja tu."

Namsifu alitamani kumwamini. Lakini kuamini hakuna fomu yake, na kamati ilitaka fomu.

Kesho yake akagundua kitu. Rekodi haikuishia pale mtihani ulipoishia. Msichana alisahau kuifunga programu, na kamera ikaendelea dakika ishirini nzima. Namsifu alifurahi kwelikweli. Aliona huyu binti ataokolewa hata kama hataki. Angeweza kuitazama peke yake kwanza. Hakuitazama. Utaratibu ulisema ushahidi ufunguliwe mbele ya kamati, na yeye hakutaka aje asemwe kwamba ameuchezea.

Siku ya kikao, Atugonza alipoambiwa kitakachoonyeshwa, alisimama.

"Basi andikeni niliibia," alisema. "Nimekubali. Nipeni sifuri, nifukuzeni, nitaondoka leo."

Mwenyekiti, profesa aliyependa kuisikia sauti yake mwenyewe, akasema kamati haiwezi kupokea kukiri kwa namna hiyo wakati ushahidi upo na haujatazamwa. Mjumbe mmoja akanong'ona kwamba huko konani hakukosi kijana wa kiume, wawili watatu wakacheka. Mapazia ya dirisha yakavutwa, projekta ikawashwa.

Walimwona Atugonza akimaliza swali la mwisho, kisha akiisogeza laptopu pembeni ya meza ili apate pa kuweka beseni la maji. Kamera ikaelekea konani. Palikuwa na kanga imetundikwa kwenye kamba. Akaisogeza. Nyuma yake kitanda, na juu ya kitanda mama aliyebaki mifupa, ambaye hakuweza tena kwenda chooni mwenyewe.

"Umemaliza?" mama aliuliza.

"Nimemaliza. Pole, mama, nimekukalisha hivyo muda mrefu."

Kisha akaanza kumvua.

Namsifu alihangaika kutafuta pa kubonyeza. Kabla hajapapata, mwenyekiti alisema taratibu, "Huyu si Bi Paskazia?"

Alikuwa ndiye. Wajumbe wote saba walimfahamu. Kwa miaka ishirini na miwili alichapa mitihani ya kitivo hicho. Aliona kila swali kabla ya mwanafunzi yeyote, na halikuwahi kuvuja hata moja. Tangu binti yake alipojiunga na chuo alimkataza kumtaja kwa mtu, wasije wakasema anafaulu kwa mgongo wa mama. Mwaka uliopita alistaafu, akaaga akicheka, akisema anarudi Bukoba kulima vanila. Walimkatia keki. Hakwenda Bukoba, ugonjwa ulikuwa umeshamwanza. Alihamia kwenye chumba cha kupanga cha Atugonza, akamwapisha jambo moja: watu wa chuo wamkumbuke vile alivyoaga.

Kamati ilimsafisha Atugonza kwa kauli moja. Kwenye barua waliweka hata neno "pongezi". Namsifu alimkimbilia koridoni kumpa habari njema. Msichana alishukuru kwa adabu zote, akaenda zake.

Atugonza hakumwambia mama yake. Lakini mjumbe mmoja, kwa nia njema tupu, alipiga simu kumpa Bi Paskazia pole, akamweleza jinsi wote walivyoguswa. Bi Paskazia alimuuliza walikuwepo akina nani. Akatajiwa, mmoja mmoja. Akashukuru, akarudisha simu kwa binti yake, akageukia ukutani. Chakula alikigusa kwa shida tangu siku hiyo, na wiki ya tatu alifariki.

Kitivo kilifika msibani na basi zima na shada kubwa la maua. Ulipowadia wakati wa kuaga, padri alitangaza kwamba jeneza halitafunguliwa. Ndivyo marehemu alivyoagiza. Namsifu alimsogelea Atugonza, akamwomba kwa sauti ya chini, kama kuna namna yoyote, amwone Bi Paskazia mara ya mwisho, amwombe radhi.

Atugonza alimtazama bila hasira.

"Daktari," alisema, "nyinyi mmeshamwona."

Funzo: Si kila anayefunika kitu anaficha wizi, wengine wanamsitiri mtu. Mwanafunzi akikuomba umwamini, bado una hiari. Ukishaona alichokusihi usione, hiari hiyo huna tena, na hakuna barua ya pongezi itakayokirudisha nyuma ya pazia.