Marehemu Anayetoka Jasho

"Nyasi za mtoni hazikaliwi matanga." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo jirani aliyemkatia tamaa mwanawe aliyepotea, nanyi mkacheka. Haya, sogeeni niwaambie neno hili lilikozaliwa.

Zamani, huku kwetu Tana, nyasi ndefu ziliota chini ya maji, zikilala kufuata mkondo. Samaki walizalia humo. Hawayu, mjane wa watoto wanne, alitega humo migono yake, yale matenga ya kunasia samaki. Shamba hakuwa nalo.

Mwaka mmoja mto ulishuka hata mbuzi wakavuka. Nyasi zikalala juu ya tope, zikakauka, zikanuka. Wazee wakasema mto umefiwa na nyasi zake. Wakakaa matanga, jamani, na uji ukapikwa! Siku ya kuanua matanga vitu vya marehemu hugawanywa, basi nao wakagawana lile tope walime mahindi.

Komora, shemeji yake Hawayu, akafika na jembe penye migono.

"Shemeji, niondolee matenga yako nilime."

Hawayu akang'oa shina moja la nyasi, aziage. Juu likavunjika kama jani la tumbaku. Chini, mzizi ulikuwa mweupe, wa baridi, unachuruzika maji. Akamwekea Komora kiganjani.

"Shemeji, nimemzika ndugu yako. Maiti naijua. Marehemu gani huyu anatoka jasho?"

Komora akakitazama kiganja chake kilicholowa. Akabeba jembe, akaenda kulima kwingine.

Mvua ikanyesha milimani. Mto ukaja mwekundu, mzito kama uji wa wimbi, ukafunika mahindi na kila kitu. Mwanga haukupenya. Hawayu alikaa ukingoni na watoto wenye njaa, akaanza kuogopa kwamba alikosea.

Kisha maji yakatulia, yakatakata. Asubuhi moja alipiga yowe, kijiji kizima kikatoka. Pale alipokataza jembe palikuwa kijani kitupu! Nyasi zimesimama chini ya maji, zikitoa vipovu, na vifaranga vya samaki vikimetameta kati yake. Palipolimwa palikuwa tope tu. Mzee aliyeongoza matanga akavua kofia. Mwili hunisisimka hadi leo nikisimulia.

Komora ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya chini: "Shemeji, tulimlilia aliye hai."

Basi nendeni kwa jirani. Kabla hajagawa nguo za mwanawe, mwambieni, na msicheke: nyasi za mtoni hazikaliwi matanga.