Ndege wa Shimo la Udongo

Funga mlango, na nyie huko nyuma acheni kunong'ona. Leo hatoki mtu mpaka aseme neno.

Huko Ukambani walikuwepo wanawake watatu wafinyanzi. Syokau alijaliwa masikio: akigonga chungu mara moja tu, anajua ufa uko wapi. Mbithe alijaliwa mabega, gunia la udongo alilibeba peke yake. Kavata, mkubwa wao, alijaliwa mikono isiyochoka, lakini mtoto hakujaliwa. Na kwao jina la bibi huchukuliwa na mjukuu. Asiye na mjukuu, akifa, jina lake limekwisha. Jambo hilo lilimnyima Kavata usingizi.

Siku moja wamo shimoni, ubavuni mwa mlima, wanachimba udongo, mdomo wa shimo ukaporomoka. Giza totoro! Hata hewa ikaanza kuwa nzito.

"Mbithe, uko wapi?" Kavata akaita.

"Msisogee! Dari inanilalia mgongoni."

Mbithe alikuwa amepiga magoti, ameibeba dari kwa mabega. Angelegea kidogo, wote wangefukiwa.

Syokau akabandika sikio ukutani, huku na huku. Kimya. Mara akamsikia ndege akiimba nje, yule mdogo mwenye kishungi cheusi, ambaye hakuwa na jina. "Hapa! Hapa ukuta ni mwembamba!"

Kavata akachimba kwa kucha mpaka vidole vikatoka damu. "Siwezi tena, jamani."

"Unaweza, dada! Chimba!"

Mwanga ukapenya. Wakatoka wawili, wakamvuta Mbithe, na dari ikaanguka nyuma yake.

Kijiji kikafurahi, kikasema ndege yule aitwe kwa jina la aliyewaokoa wenzake. Jina moja tu.

"Bila masikio yangu mngechimba kuelekea mlimani," alisema Syokau.

"Bila mgongo wangu asingebaki wa kuchimba," alisema Mbithe.

Kavata akasema, "Mikono yangu mmeiona. Na nyinyi mna wajukuu. Mimi nina nani?"

"Dada, tumeulizwa nani aliokoa," Mbithe akamjibu. "Hatukuulizwa nani hana."

Kijiji kikashindwa kuamua, na ndege akabaki bila jina.

Sasa Kavata yu kitandani, hata uji haupiti. Kila asubuhi ndege huimba dirishani, naye huuliza, "Wanamwitaje siku hizi?" Wanaomuuguza ni hao hao, Syokau na Mbithe, na wote wawili hutazama chini.

Haya, wewe unayejifanya umesinzia, ungeamua vipi? Sema upesi, bibi wa watu hana siku nyingi.