Panzi Waliogeuka Kapuni

Haya, sogeeni! Anayetafuna ameze kwanza, maana leo nataka hukumu, sitaki vigelegele.

Palikuwa na Mchiwa, mwenye jicho lisilopitwa na kitu, hasa kinacholiwa. Palikuwa na Malogo, mwenye malisho mapana aliyoyazungushia miiba, na mbuzi wa mtu hakuwahi kuonja hata jani. Na palikuwa na Nhonya. Yeye alikuwa na miguu. Akikimbia unaona vumbi tu.

Mama mkwe wa Nhonya, Sechelela, alikuwa na shamba la uwele lililoanza kuchanua, chakula pekee cha wajukuu wake. Mwaka huo nyasi zilikauka, kijani kikabaki kisimani tu, na panzi wa bonde zima wakajazana hapo.

Asubuhi moja Mchiwa akaja mbio na kapu. "Dada Sechelela, njoo uone maajabu!"

Kwa siku kadhaa alikuwa amefungia humo panzi hai aliotaka kuwakaanga, wa kijani, wapole, kila mmoja na hamsini zake. Wakabanana, wakakanyagana miguu. Sasa walikuwa wa njano na weusi, na wote wameelekea upande mmoja!

"Mungu wangu, hawa ni nzige!"

"Ni panzi wangu wale wale! Msongamano umewageuza. Mmoja nilimtenga kwenye kibuyu, huyo bado mpole. Na kule kisimani wanabanana vivyo hivyo!"

Hapo hapo Sechelela akatangaza: atakayeuokoa uwele atapewa mtamba wake mwenye mimba. Alikuwa naye huyo mmoja tu.

Malogo, shemeji yake, alikuwa bahili wa kutupwa, lakini siku hiyo alishika panga akaifyeka miiba yake mwenyewe. "Waje wale huku, wapate nafasi!"

Wapi! Panzi hawakutaka kutoka kisimani. Ndipo Nhonya akajifunga kanga kiunoni, akachukua tawi. Wakikusanyika hapa anawavuruga, wakikimbilia kule yumo, jua likichomoza yumo, likizama yumo, mpaka wakatawanyika kwenye malisho ya Malogo, mmoja huku, mwingine kule. Wakabaki panzi. Uwele ukakomaa, na Sechelela akacheza shambani peke yake kwa furaha!

Kisha wakaja kudai mtamba.

"Bila jicho langu mngekuwa mmelala," alisema Mchiwa.

"Na wangetawanyikia wapi, shemeji? Ng'ombe wangu sasa wanalamba vumbi."

Nhonya alikuwa amekaa chini, nyayo zimempasuka. "Mama, kuna panzi aliyetawanyika kwa kutazamwa?"

Sechelela akaishika kamba ya mtamba. Akimpa mkwewe, watu watasema mtamba kazunguka karudi nyumbani. Mchiwa je, alipwe kwa ulafi wake? Na Malogo alikuwa na ng'ombe tele, ila ndiye pekee aliyepoteza kitu.

Mtamba analia, watu wanangoja. Semeni kwa sauti nimsikie kila mmoja: kamba hiyo ungemkabidhi nani?