Wivu Haunusi Mafuta

"Wivu haunusi mafuta." Mmemsikia dereva akimwambia mwenzake hivyo, wajukuu zangu, nanyi mnataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Yalianzia kwenye gereji ya malori hapa Makambako, na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Nilikuwa fundi mkuu kwa miaka kumi na mmoja. Mchana nilifunga nati, jioni nilikwenda kwenye masomo ya watu wazima, mpaka nikaweza kusoma mwenyewe kitabu cha giaboksi za otomatiki. Hakuna mwingine aliyeziweza. Kisha akaajiriwa Nsajigwa, kijana wa Tukuyu, mpole, mwenye mikono myepesi. Haukupita mwaka, madereva wakawa wananipita mlangoni wakiuliza, "Nsaji yupo?" Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku moja likaletwa lori la otomatiki. Kila liliposhika mwendo, injini ilinguruma bila kasi kuongezeka, na giaboksi ikachemka. Ndani ya konvata, chombo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, mna klachi ndogo inayoishikamanisha giaboksi na injini mwendo ukishatulia. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiteleza. Tajiri wetu akasema wazi kwamba atakayeiponya ndiye atakayekuwa mkuu wa mafundi.

Nsajigwa alichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakinusa, akaniletea kwa mikono miwili mbele ya watu wote.

"Kaka Lwidiko, hebu nusa. Naona kama haya ni mafuta ya injini, si ya giaboksi."

Mafuta yale niliyajaza mimi, wiki moja kabla.

"Pua hiyo ipeleke kwa mama ntilie," nikamjibu. "Hapa tunafanya kazi kwa vitabu."

Watu wakacheka, nami nikanogewa.

Nikashusha giaboksi. Siku nne nilishinda chini ya lori lile. Nikafunga konvata mpya, kisha nikajaza mafuta kutoka pipa lilelile nililotumia mwanzo. Lilipoanza kupanda mlima, klachi ikateleza kama kwanza.

Ndipo tajiri akampa Nsajigwa kazi. Akamwaga mafuta, akasafisha, akajaza yanayotakiwa, wakaenda kulijaribu. Lilirudi limetulia, injini haina kelele. Tajiri akanigeukia.

"Fundi, huyu hakukuonyesha kijiti?"

"Alinionyesha."

"Ukanusa?"

"Sikunusa."

"Kwa nini? Ulikuwa na mafua?"

Dereva mmoja, aliyekaa juu ya tairi akitafuna muhogo, akanijibia.

"Tajiri, wivu haunusi mafuta."

Siku hiyohiyo nilimkabidhi Nsajigwa funguo za stoo, na kabla ya wiki kwisha maneno yale yalikuwa yamefika Tunduma.

Sitawadanganya: mpaka leo Nsajigwa akisifiwa, kuna kitu hunichoma hapa kifuani. Lakini mtu nisiyempenda akiniletea jambo, kwanza nanusa, ndipo nachukia. Wivu haunusi mafuta.