Lori la Kiboko Lililokosa Pumzi

Hadithi, hadithi!
*Njoo, hata kwa kusukumwa, njoo.*
Na uongo?
*Upande mbele, ukae na dereva.*
Na ukweli?
*Utatufuata kwa miguu.*

Haya. Hapo kale palikuwa na Kiboko, na Kiboko alikuwa na lori. Bonde zima hakuna mwingine aliyekuwa na lori, wala ghala la bati, na ghala hilo nalo lilikuwa la Kiboko. Ndiyo maana wanyama walipovuna mtama, mbegu za kupandia walizipeleka kwake zisinyeshewe, kila nyumba gunia lake. Kiboko akasema, "Leteni, leteni. Jirani yenu nani kama si mimi?"

Mawingu ya masika yalipoanza kujikusanya, wanyama wakaenda kuchukua mbegu zao. Kiboko akawatazama kwa macho ya usingizi.

"Mbegu zipi?" akauliza. "Vitu vimelala kwangu kiangazi kizima. Kilicholala kwangu ni changu."

Siku hiyohiyo akapakia magunia yote kwenye lori ayapeleke ziwani kwa mkewe, wakayatafune huko wawili pasipo mtu wa kuwakodolea macho. Mvua ingenyesha, na bonde lisingekuwa na punje ya kufukia ardhini. Watoto wangelala njaa mwaka mzima.

Lakini lori haliendi bila utingo. Nani ataweka jiwe chini ya tairi? Kiboko akiinama, kuinuka kwake ni kazi ya asubuhi nzima. Akatafuta utingo mdogo, asiyekula sana, akampata Pimbi.

Pimbi ni yule mfupi wa mawe ya juu, hana mkia wala cheo. Gunia lake nalo lilikuwa mle nyuma, na moyo ulikuwa ukimuuma kwelikweli. Akasema tu, "Shikamoo, mzee," akapanda.

Wakaondoka. Tuku-tuku-tuku, wakapita mto. Tuku-tuku-tuku, wakapita mibuyu ya nyani. Mara kha! kha! kimya. Lori likazima katikati ya njia.

Kiboko akapiga stata. Nywe-nywe-nywe. Wapi.

Mnajua mambo ya barabarani: gari likiharibika, kila mpita njia ni fundi. Akapita Ngedere, akasema, "Plagi hizo." Plagi zikafunguliwa, zikafutwa, zikarudishwa. Akapita Nungunungu, akasema, "Kabureta hiyo." Kabureta ikapulizwa. Akapita Kobe, akalitazama lori kwa muda mrefu, akasema angekuwa yeye angetembea. Lori likabaki kimya, na mafundi wakaenda zao wameridhika.

Pimbi yeye alilizunguka lori akitega sikio, mpaka akafika kwenye tangi la petroli. Akaliona limebonyea mbavu. Akautazama mfuniko. Mifuniko ya matangi ya namna ile huwa na kitundu kidogo juu. Huu kitundu chake kilikuwa kimezibwa kwa nta, na mfuniko wenyewe umekazwa kwa mpira wa tairi.

"Mzee, ni wewe uliyeziba hapa?"

"Mimi," akasema Kiboko. "Harufu ya petroli yangu ilikuwa inatoka. Watu wanainusa bure."

"Umefanya vizuri, mzee," akasema Pimbi.

Hapo ndipo alipoujua ugonjwa. Petroli inatoka tangini, hewa haiingii kushika nafasi yake, basi tangi linajivuta mbavu na kuing'ang'ania iliyobaki, na injini inakufa kwa kiu. Kiboko mwenyewe akizama hana budi kuibuka avute pumzi. Hakuwahi kudhani kuwa tangi nalo lina haja hiyo.

"Mzee," akasema Pimbi, "tumeegesha vibaya. Tuweke kwanza majani barabarani. Mimi matawi siyafikii."

Ni kweli, ndiyo desturi ya njia: gari likikwama, hukatwa matawi yakapangwa mbele na nyuma, wenye kuja wajue. Kiboko akaenda kukata. Lakini Kiboko hawezi kubeba jani asilionje. Tawi moja njiani, tawi moja tumboni. Tawi moja njiani, mawili tumboni. Huku nyuma Pimbi akafungua mfuniko. Fyoooo! Tangi likavuta pumzi, mbavu zikarudi. Akaufunga tena, nta palepale, mpira palepale.

Kiboko akarudi akijilamba. "Umeona nini?"

"Lori halipati pumzi, mzee."

"Pumzi yake anaichukua nani?"

"Mimi mdogo, sijui. Humu tupo wewe, mimi, na mbegu. Na mbegu ni kitu kilicho hai."

Kiboko akafikiri. Kufikiri kulimtia njaa, akakata shauri upesi. "Mbegu," akasema. "Ndizo zinazolinyonya."

"Ukisema wewe, mzee."

Wakashusha gunia moja mtaroni. Kiboko akapiga stata. Grrrm! Tuku-tuku-tuku, wakaondoka. Ngiri, ambaye shimo lake lilikuwa karibu, akayaona majani barabarani, akaja kutazama aliyekwama ni nani. Akakuta gunia la mbegu mtaroni. Hakuuliza, akajitwika akaenda zake.

Mbele kidogo, kha! kha! kimya. Kiboko akaenda kukata majani, Pimbi akafungua mfuniko. Fyoooo! Wakashusha gunia, grrrm! Digidigi akaja, akabeba. Mbele tena, kha! kha! kimya. Majani, fyoooo, gunia, grrrm! Nungunungu akaja, akabeba. Lori likazidi kuwa jepesi, na kila penye majani palikuwa na mwenye mbegu.

Kwenye mteremko wa udongo mwekundu, miti ilikuwa michache, na Kiboko akarudi kabla hajatazamiwa. Akamkuta Pimbi juu ya tangi, mkono umeshika mpira.

"Unafanya nini kwenye petroli yangu?"

Pimbi aliogopa. Alijua kinywa kile kikifumba, pimbi hatokezi tena.

"Nanusa, mzee," akasema. "Nilitaka kujua kama harufu inatoka. Haitoki hata chembe."

Kiboko akavimba kwa furaha. "Si nilikwambia? Nimekaza mwenyewe." Kisha akakaa kitako pembeni ya tangi, alilinde. Akakaa. Pimbi akangoja. Kiboko akazidi kukaa.

"Mzee," akasema Pimbi mwishowe, "yale majani uliyoyapanga kule nyuma, namwona Nyumbu anayala."

Kiboko alikimbia vumbi likatimka. Fyoooo!

Safari ikaenda hivyo mpaka kwenye mawe ya juu, nyumbani kwa akina Pimbi, na lori limebaki na gunia moja. Hapo nalo, kha! kha! kimya. Kiboko akalikumbatia lile gunia.

"Hili silishushi. Mke wangu nitamwambia nini?"

"Liache, mzee," akasema Pimbi. "Jaribu tu."

Nywe-nywe-nywe. Wapi. Kiboko akapumua kwa huzuni, akalishusha gunia la Pimbi mlangoni kwa Pimbi.

"Mimi nitashukia hapa," akasema Pimbi.

"Wewe ni fundi," akasema Kiboko, "na fundi hupewa zawadi. Njoo nikunusishe petroli. Mara moja tu." Akaufungua mfuniko kwa mkono wake mwenyewe. Fyoooo! "Umesikia harufu inavyotaka kukimbia? Funga upesi."

Pimbi akanusa, akashukuru, akafunga. Nta ya kitundu akaibandua, akaisahau kwapani.

Grrrm! Tuku-tuku-tuku. Lori likaenda mpaka ziwani bila kukohoa. Mke wa Kiboko akachungulia nyuma, akaona patupu.

"Mzigo uko wapi, baba?"

"Mke wangu," akasema Kiboko, "mzigo ndio uliokuwa ugonjwa."

Mvua ikanyesha. Bonde likapandwa, na zile punje zilizomwagika mitaroni nazo zikaota, hata leo mtama unaifuata ile barabara. Kiboko alirudi akawatangazia wote kuwa lori lake kaligundulia dawa mwenyewe, na wanyama wakampa pole, wakampongeza.

Funzo lake, wanangu, ni lile la wahenga: njia ya mwongo ni fupi. Hii ilianzia ghalani ikaishia mlangoni kwa Pimbi, basi msidanganye.

Hadithi imezima hapo.
*Tushuke tusukume?*
Shukeni mkalale.