Kinanda Mama cha Bwana Lukindo

Sogeeni, na anayetafuna karanga amalize kwanza. Hadithi hii ina chuki ndani yake, nataka isikike yote.

Palikuwa na watu watatu mjini Tanga. Mwantumu alikuwa na sikio: ukigusa waya wa udi, alikuambia umefungwa na nani. Mbwambo alikuwa na mikono: kifaa cha umeme kilichokufa jana, leo alikizungumzisha. Somoe alikuwa na mdomo. Wauza mitumba wakimwona kwa mbali, walianza kufunika nguo.

Wote walimchukia Bwana Lukindo, mwenye kiwanda cha vinanda vya umeme. Mbwambo alifukuzwa kazi naye. Somoe aliuziwa kinanda kikazima katikati ya arusi ya bintiye, na Lukindo akamwambia, "Mwanao hana nyota." Lakini Mwantumu aliwashinda wote kwa chuki. Baba yake, mpiga udi, aliitwa kiwandani apige kidogo. "Tunajaribu mitambo tu, mzee." Kumbe walikuwa wanamrekodi: mwaka uliofuata sauti ya udi wake ilikuwa ndani ya kila kinanda, na jina lake halikuwa popote. Mzee alikufa akisikia sauti ya mkono wake ikichezewa na watoto kwa kidole kimoja. Mwantumu akaapa kwamba ipo siku Lukindo atamwomba kitu, naye atamnyima.

Ikavuma kwamba kiwanda kinafungwa. Lukindo alikana redioni, huku akiuza vinanda uani kama mtu anayehama nyumba. Kila stakabadhi aliiandika: kikishanunuliwa, hakirudi.

Mwantumu akaenda na Somoe, akagusa kinanda kimoja kimoja. Kwenye kikuukuu kimoja, kabla udi haujaanza, alisikia mtu akikohoa. Kwenye vinanda vingine vyote kikohozi kile kilikuwa kimekatwa. Alikuwa baba yake. Akataka kukigusa tena, na hapo hapo kinanda kikazima.

Somoe akamwona rafiki yake analengwalengwa na machozi, akawahi kusimama mbele yake.

"Bosi, hili sanduku la mende unaliuza, au unatulipa tukakutupie?"

Lukindo akacheka. "Chukueni kwa bei ya chuma chakavu." Hakujua anauza nini: karakana yake mwenyewe alikuwa haingii, na aliyeijua alikwisha kumfukuza.

Wakampelekea Mbwambo, naye alipokifungua alikaa chini. Alikuwa amekiunga yeye mwenyewe, enzi zake kiwandani. Kilikuwa kinanda mama, chenye sauti asili ambazo vingine vyote vilinakiliwa, na hakikuwa na pacha. Siku tisa alichomelea nyaya zilizooza, hata kulala akalala karakanani kwake, mpaka mzee akakohoa tena na udi ukalia.

Wiki haikuisha, Lukindo akabisha hodi kwa Mwantumu, akawakuta wote watatu. Amepata mnunuzi wa kukiokoa kiwanda, ila mnunuzi hataki hata kusikia habari bila kinanda mama.

"Binti yangu, nisitiri. Ukininyima, nimekwisha."

Mwantumu alisikia utamu mpaka kooni. Akafungua mdomo, Somoe akamshika mkono.

"Subiri, shoga. Nitamjibu mimi. Bila mdomo wangu mngekuwa mnalia nje ya geti. Atakipata, ila atupe nusu ya kiwanda, na aniombe radhi mbele ya mwanangu."

"Nusu ya nini?" Mbwambo akafoka. "Nimekifufua mimi. Nitafuta kila sauti iliyomo, anaangalia, kama alivyoniangalia nikitoka na kisanduku changu cha vifaa."

"Na baba yangu umfute?" Mwantumu akageuka. "Wengine walipita wakiona takataka, mimi nikamsikia. Kinabaki hapa. Nitakipiga kila jioni, kiwanda kife taratibu, na asikie."

Jibu ni moja tu, maana kinanda ni kimoja. Lukindo yuko uani kwa Mwantumu, jasho linamtoka, anawatazama midomo.

Haya, ninyi mliokaa hapa: nani kati ya hawa watatu ana haki ya kumjibu? Na asiniambie mtu kwamba Lukindo asamehewe. Hilo sikuuliza.